Kompyuta ya Gemu kwa Bajeti Ndogo: Wapi Ubane, Wapi Usibane

Kabla hujanunua hata skrubu moja, chukua karatasi uandike kompyuta mbili. Ya kwanza ni ile unayoimudu sasa. Ya pili ni ile unayotaka iwe mezani kwako baada ya miaka mitatu. Taja kila kifaa: prosesa, ubao mama, RAM, kadi ya michoro, SSD, pawa saplai, kasha na kipozeo. Kisha piga mstari chini ya kila kifaa kinachoonekana kwenye orodha zote mbili. Vyenye mstari usivibanie, maana utakaa navyo. Visivyo na mstari vichukue kwa bei ya chini kadiri utakavyoweza, hata kama vimeshatumika, maana vitaondoka.

Wengi hufanya kinyume. Fedha yote inaishia kwenye kadi ya michoro yenye jina kubwa, na makombo yanayobaki yananunua pawa saplai isiyojulikana na ubao mama wa chini kuliko wote. Siku ya kuboresha ikifika, prosesa mpya inadai ubao mpya, ubao mpya unadai RAM ya aina nyingine, na kadi mpya inadai pawa saplai nyingine. Huko si kuboresha tena, ni kununua kompyuta ya pili.

Lipo pia kosa la upande wa pili, nalo ni la kumwaga fedha kwenye ubao mama kwa jina la "baadaye". Ubao wenye taa za rangi, sloti nne za M.2 (nafasi za kuchomeka SSD) na kila aina ya tundu hauongezi hata fremu moja, yaani hata picha moja kwa sekunde kwenye gemu. Kwa kompyuta ya gemu yenye bajeti finyu, kadi ya michoro ichukue kati ya theluthi moja na nusu ya fedha yote. Ikishuka chini ya theluthi, umejenga kompyuta ya ofisini yenye kasha zuri. Ikivuka nusu, kuna mahali umekwangua mfupa, na mara nyingi mahali hapo ni pawa saplai.

Soketi kwanza

Soketi ya prosesa, yaani tundu la ubao mama linaloishika prosesa, ndiyo inayoamua kompyuta yako itafika wapi. Mfano mzuri kuliko yote ni AM4 ya AMD. Mtu aliyenunua ubao wa B450 mwaka 2018 akauwekea Ryzen 5 2600 yenye viini (cores) 6, aliweza mwaka 2022 kusasisha BIOS (programu ya msingi ya ubao) na kuchomeka Ryzen 7 5800X3D yenye viini 8 na kache ya L3 (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya MB 96. Ubao ulikuwa uleule na RAM ileile. Sasa mtazame aliyenunua ubao wa Z270 wa Intel mwanzoni mwa 2017: Oktoba mwaka huohuo zilitoka prosesa za kizazi cha 8, zenye soketi ya jina lilelile la LGA1151, na ubao wake haukuzikubali. Jina la soketi peke yake halitoshi. Fungua ukurasa wa ubao husika kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta orodha ya prosesa zinazokubalika, na usome toleo la BIOS linalohitajika kwa kila moja.

Kwa leo chaguo ni tatu. AM5 ilitoka 2022, inatumia RAM ya DDR5 tu, na tayari imepokea Ryzen 7000 na Ryzen 9000 kwenye mbao zilezile. AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi. Hiyo ndiyo njia yenye upeo mrefu. AM4 imefika kikomo chake, ila kikomo hicho kinajulikana na kiko juu: ukianza na Ryzen 5 5600 una nafasi ya kupanda hadi 5700X3D au 5800X3D na kuishia hapo. LGA1700 ya Intel ilihudumia vizazi vya 12, 13 na 14, kisha Oktoba 2024 Intel ikahamia LGA1851. Core i5-12400F bado ni prosesa nzuri ya gemu, lakini ukipanga kupanda baadaye kwa i7 au i9 iliyotumika ya kizazi cha 13 au 14, kuwa mwangalifu. Baadhi ya prosesa hizo ziliharibika taratibu kwa kupewa volti nyingi kupita kiasi, na marekebisho ya Intel yaliyotoka Agosti na Septemba 2024 huzuia uharibifu mpya bila kuponya ule uliokwishatokea.

Kwa maoni yangu, kama bajeti inafika AM5 kwa kujinyoosha kidogo tu, jinyooshe. Kama kuifikia kunakulazimu kushuka daraja zima la kadi ya michoro, kaa AM4 bila majuto.

Ndani ya AM4 kuna mtego wa majina. Ryzen 5 5600, 5500 na 5600G zote zina viini 6 na nyuzi (threads) 12, na kwenye tangazo zinaonekana kama ndugu. Lakini 5600 ina kache ya L3 ya MB 32 na PCIe 4.0 (PCIe ni njia ya data kati ya kadi ya michoro na prosesa), nyingine mbili zina MB 16 na PCIe 3.0. Gemu hupenda kache, na PCIe ina uzito wake kwa kadi za bei ya chini kwa sababu ya njia zake chache.

Kadi ya michoro na tatizo la mlango mwembamba

Kadi nyingi za daraja la chini hazitumii njia zote 16 za sloti ya PCIe. RX 6600, RX 7600 na RTX 4060 hutumia 8. RX 6500 XT hutumia 4 tu, na ina GB 4 za kumbukumbu. Ili kuona kwa nini hili linauma, fuata safari ya data moja. Kumbukumbu iliyo juu ya RX 6600 husomwa kwa kasi ya GB 224 kwa sekunde. Ikijaa, kinachozidi huhamia kwenye RAM ya kawaida na kuletwa kupitia sloti. PCIe 4.0 yenye njia 8 hupitisha takriban GB 16 kwa sekunde. PCIe 3.0 yenye njia 4, yaani RX 6500 XT kwenye ubao wa A520 au pamoja na Ryzen 5 5500, hupitisha takriban GB 4. Fremu moja ikisubiri kipande cha picha kipite kwenye mlango huo, ule muda wa milisekunde 16.7 unaotakiwa kwa fremu 60 kwa sekunde unapotea wote. Wastani wa fremu utabaki kuonekana mzuri kwenye namba, lakini mkononi utahisi gemu inakwama kila unapogeuka.

Ndiyo maana ukubwa wa kumbukumbu ya kadi unahitaji kutazamwa kabla ya mambo mengi mengine. GB 4 zimepitwa. GB 8 zinafanya kazi kwa skrini ya 1920 kwa 1080 ukishusha ubora wa picha za nyuso za vitu (textures) hatua moja kwenye gemu nzito. GB 12 zinakupa utulivu. Zinapatikana kwenye RTX 3060, ambayo siku hizi hupatikana sana ikiwa imetumika, na kwenye Intel Arc B580. Kwa RTX 3060 soma sanduku vizuri: ipo ya GB 12 yenye basi (njia ya data ya kumbukumbu) ya biti 192 na ipo ya GB 8 yenye biti 128, jina ni moja na uwezo si mmoja. Kwa Arc B580, hakikisha ubao wako una Resizable BAR (mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo) na prosesa si ya zamani. Bila Resizable BAR kadi hiyo hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake, na ikiwa na prosesa dhaifu hudhoofika kuliko kadi za AMD au Nvidia za daraja lake.

Ukikosa kabisa fedha ya kadi, unaweza kuanza na prosesa yenye michoro ya ndani, kwa mfano Ryzen 5 8600G kwenye AM5, ukacheza gemu nyepesi huku ukijikusanya. Hapo RAM lazima iwe vipande viwili, kwa sababu michoro ya ndani haina kumbukumbu yake na hula kasi ya RAM moja kwa moja. Usichanganye na Ryzen 5 7600: michoro iliyo ndani yake ni midogo sana, inatosha kuwasha skrini na kutafuta hitilafu kadi ikileta shida, si kucheza. Ryzen 5 7500F haina hata hiyo.

Kompyuta za ofisini zilizotumika, zile ndogo za Dell, HP na Lenovo, zinavutia kwa bei. Kama njia ya kucheza leo, sawa: ziongezee kadi isiyohitaji waya wa umeme, kama GTX 1650 ya wati 75 au RTX 3050 ya GB 6. Kama msingi wa kuboresha, hapana. Pawa saplai zake mara nyingi zina plagi za mtengenezaji mwenyewe, ubao hauingii kwenye kasha lingine kirahisi, na sloti haitoi zaidi ya wati 75.

Pawa saplai husomwa kwenye lebo

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye sanduku puuza kwanza. Geuza kifaa, tafuta jedwali la umeme, soma ampea za mstari wa volti 12, uzidishe kwa 12. Prosesa na kadi ya michoro zote hunywa kutoka mstari huo. Pawa saplai halali ya wati 650 huonyesha takriban ampea 54, ambazo ni wati 648. Ukikutana na iliyoandikwa "500W" yenye ampea 25 za volti 12, umeshika pawa saplai ya wati 300, na wati nyingine zimehesabiwa kwenye mistari ya volti 5 na 3.3 ambayo kompyuta ya sasa haiigusi sana.

Nembo ya 80 Plus inapima ufanisi tu, yaani ni umeme kiasi gani unapotea kama joto. Haisemi lolote kuhusu ubora wa kapasita au ulinzi dhidi ya shoti. Angalia kama mtengenezaji anataja ulinzi wa OCP (mkondo kuzidi), OVP (volti kuzidi), SCP (shoti) na OTP (joto kuzidi), na kama anatoa dhamana ya miaka mitano au zaidi. Dhamana ndefu si uthibitisho, ila mtengenezaji wa takataka haitoi.

Hesabu ni rahisi. Prosesa ya daraja la wati 65 kwenye AM5 huruhusiwa kufika wati 88. RX 6600 hutumia wati 132. Weka 50 kwa ubao, RAM, SSD na feni. Jumla ni wati 270. Leo wati 450 za kweli zingetosha, lakini kwenye ile orodha ya pili una kadi ya wati 200 hadi 250, na kadi huruka juu ya kiwango chake kwa milisekunde chache mzigo unapopanda ghafla. Nunua 650 mara moja, iwe na angalau plagi mbili za kadi za pini 6+2. Tofauti ya bei kati ya 550 na 650 nzuri ni ndogo kuliko gharama ya kununua mara ya pili.

Mambo mawili yanaua vifaa hapa. Kwanza, waya za pawa saplai zinazochomolewa hazibadilishani kati ya chapa na chapa, na wakati mwingine hata ndani ya chapa moja. Upande wa vifaa plagi zinafanana, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini zake. Waya wa SATA wa pawa saplai nyingine unaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5 na kuunguza diski papo hapo. Pili, baadhi ya pawa saplai za bei ya chini zina swichi nyekundu nyuma ya kuchagua 115 au 230. Ikikaa 115 ukaichomeka kwenye umeme wa 230, italipuka kabla hujaondoa mkono.

Ubao, RAM na SSD

Kwa AM4 tafuta B550 ya ukubwa wa mATX. Inatoa PCIe 4.0 kwa kadi na kwa M.2 ya kwanza, jambo ambalo A520 na B450 hazitoi. Kwa AM5, B650 ya chini inatosha. A620 ni sawa kama hutapanda zaidi ya prosesa ya wati 65. Vitu vya kukagua kwenye picha ya ubao ni vinne: sloti nne za RAM, M.2 mbili, bati la kupoza joto juu ya saketi za umeme zilizo kando ya soketi, na kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa. Hilo bati ndilo litakaloamua kama prosesa ya viini 8 utakayoweka baadaye itashikilia kasi yake au itashuka baada ya dakika kumi za mzigo. Kitufe nacho kinakuokoa pale ubao uliokaa stoo muda mrefu unapokataa kuitambua prosesa mpya: weka faili la BIOS kwenye flashi ya FAT32, ulipe jina linalotajwa kwenye mwongozo, uchomeke kwenye tundu lililowekewa alama, ubonyeze na usubiri taa iache kumetameta.

RAM ya DDR4 iwe vipande viwili vya GB 8, kasi 3200 na CL16 (CL ni muda wa kusubiri, ndogo ni bora), ukiacha sloti mbili wazi. Kipande kimoja cha GB 16 hukata kasi ya kumbukumbu nusu, na fremu za chini kabisa ndizo zinazoumia zaidi. Kwa DDR5 nabadili ushauri. Vipande vya GB 8 vya DDR5 hutumia chipu zenye makundi machache ya kumbukumbu na huwa na kasi ndogo kuliko vya GB 16, na kujaza sloti zote nne kwenye AM5 hushusha kasi rasmi hadi 3600. Kwa hiyo lengo la DDR5 ni vipande viwili vya GB 16, kasi 6000 na CL30 ikiwezekana. Fedha isipotosha, anza na kimoja cha GB 16 na uongeze cha pili chenye namba ileile ya bidhaa. Kuna uwezekano kikakataa kasi ya juu pamoja na mwenzake, kwa sababu mtengenezaji hubadilisha chipu bila kubadilisha jina, na hapo utalazimika kushusha kasi hatua moja au mbili. Bado ni bora kuliko kununua viwili vya GB 8 na kuvitupa.

SSD chukua NVMe (ya kuchomeka kwenye M.2) ya TB 1. Ya PCIe 3.0 husoma karibu MB 3,500 kwa sekunde na kwa gemu nyingi hutaona tofauti na ya 4.0. Isiyo na kumbukumbu yake ya DRAM inakubalika. Ya QLC (inayobana biti nne kwenye kila seli) ikwepe kama tofauti ya bei ni ndogo, maana kache yake ikijaa katikati ya kupakua gemu ya GB 100 kasi ya kuandika hushuka vibaya. Kabla ya kuchomeka M.2 ya pili siku za usoni, soma mwongozo: kwenye mbao nyingi sloti hiyo ikitumika, tundu moja au mawili ya SATA huzimika.

Kasha liwe na uso wa wavu, feni mbili za milimita 120 zinazoingiza hewa mbele na moja inayotoa nyuma. Pima urefu wa kadi na kimo cha kipozeo utakachokuja kuweka. Kasha linalouzwa likiwa na pawa saplai ndani lihesabu kana kwamba pawa saplai haipo.

Vilivyotumika vinavyofaa ni prosesa na kadi ya michoro. Prosesa ya AM4 ishike chini ya mwanga kwa pembe, utazame mistari ya pini kutoka pande mbili. Pini iliyopinda kidogo hunyooshwa kwa ncha ya penseli ya kubonyeza iliyotolewa risasi yake ya kuandikia. Kadi iendeshe mbele ya muuzaji kwa nusu saa ukiwa umefungua HWiNFO, programu ya kusoma joto la vifaa. Sehemu yenye joto kali zaidi ikizidi joto la kawaida la chipu kwa zaidi ya nyuzi 30, pesti imekauka au kipozeo hakikukazwa sawasawa. Hilo linatengenezeka na linakupa nafasi ya kupatana bei. Madoa au mistari ya rangi kwenye picha hayatengenezeki, achana nayo. Fungua pia GPU-Z, programu ya kutambua kadi, kwani huweka neno FAKE kwenye jina la kadi ya Nvidia ambayo BIOS yake imebadilishwa ili chipu ya zamani ijiite mpya. Ubao mama uliotumika ni bahati nasibu, na pawa saplai iliyotumika isiyo na dhamana usiichukue.

Kuunganisha

Fanya kazi nje ya kasha kwanza, ubao ukiwa juu ya sanduku lake. Prosesa ya AM4 huingia yenyewe kwa uzito wake pembetatu ya dhahabu ikilingana na ya soketi. Ukihisi unaisukuma, acha. Kwenye AM5 pini ziko kwenye soketi, kwa hiyo usiiguse hata kwa kitambaa. RAM iende kwenye sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, na ibonyeze mpaka usikie mlio. Kipozeo kinachokuja na prosesa kina pesti tayari. Cha kununua pembeni weka tone la ukubwa wa punje ya dengu katikati. Waya wa feni uende kwenye tundu lililoandikwa CPU_FAN, la sivyo ubao utakataa kuendelea na kutoa onyo.

Kabla ya kuingiza kwenye kasha, chomeka pawa saplai, kadi na skrini, kisha gusisha pini mbili za POWER SW (za kitufe cha kuwashia) kwa bisibisi. Ikiwaka na kuingia BIOS, una hakika vifaa ni vizima, na tatizo lolote litakalofuata limetoka kwenye kasha. Kwa AM5 usihukumu mapema: mara ya kwanza ubao huipima RAM, na skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Watu wamerudisha vifaa vizima dukani kwa kukosa subira hiyo.

Ndani ya kasha, hesabu nguzo ndogo za shaba zinazobeba ubao. Kila nguzo lazima iwe chini ya tundu la skrubu. Ikibaki moja mahali pasipo na tundu, itagusa saketi za chini ya ubao na kuleta shoti. Waya wa prosesa wa pini 4+4 na wa kadi wa pini 6+2 hufanana machoni, lakini mpangilio wa volti 12 na ardhi ndani yake ni kinyume. Meno yake yameundwa yasiingiliane, kwa hiyo plagi ikikataa usiilazimishe. Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi ya michoro, si kwenye ubao.

Isipowaka picha, tazama taa ndogo nne za CPU, DRAM, VGA na BOOT kama ubao unazo. Ikibaki DRAM, toa RAM yote na uweke kipande kimoja kwenye sloti ya pili. Ikibaki VGA, kadi haijakaa vizuri au waya wake haujaingia mpaka mwisho. Bado kimya, toa umeme, chomoa betri ya CR2032 kwa dakika tano na uanze upya.

Ukishaingia BIOS, washa XMP au EXPO, mipangilio inayoipa RAM kasi yake kamili. Bila hiyo DDR4 yako ya 3200 itakwenda kwa 2133 au 2666 na DDR5 kwa 4800, na utakuwa umelipia kasi usiyoitumia. Washa Resizable BAR pamoja na Above 4G Decoding, mpangilio ambao Resizable BAR huuhitaji. Endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, kabla ya kusakinisha mfumo, kwa sababu RAM yenye kosa moja huharibu faili za mfumo kimyakimya na utakuja kulaumu draiva. Ndani ya Windows nenda kwenye mipangilio ya kina ya skrini uchague 144 Hz (picha 144 kwa sekunde) au namba yoyote ambayo skrini yako inaiweza. Mara nyingi huanza kwa 60.

Siku ya kuboresha

Pima kabla ya kununua. Fungua kipimo cha matumizi ya kadi ukiwa ndani ya gemu inayokusumbua, bila kikomo cha fremu. Kadi ikikaa asilimia 95 hadi 99, inayobana ni kadi. Ikishuka chini ya 90, shusha azimio la picha hadi 1280 kwa 720. Fremu zisipoongezeka, inayobana ni prosesa au RAM, na kadi mpya isingekusaidia.

Ukibadilisha prosesa ya AM4, usikivute kipozeo kikiwa baridi. Pesti iliyokauka hushika, na soketi ya AM4 haizibani pini kwa nguvu, hivyo prosesa hutoka pamoja na kipozeo na kupinda pini. Cheza gemu dakika kumi ipate joto, zima, chomoa umeme, kisha kizungushe kipozeo taratibu kushoto na kulia mpaka kiachie ndipo ukinyanyue. Vipozeo vya AM4 vinavyoshikwa kwa klipu kwenye mabano ya plastiki huhamia AM5 bila shida. Vinavyohitaji kubadilisha bati la nyuma ya ubao havihami.

Sasisha BIOS ukiwa bado na prosesa ya zamani. Kabla ya hapo hifadhi ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (kifungio cha diski cha Windows) mahali nje ya kompyuta hiyo. TPM ya AMD, yaani sehemu ya usalama inayotunza funguo hizo, imo ndani ya prosesa, na ukiweka mpya ubao utauliza kama ufute funguo za zamani. Ukibonyeza Y huku diski imefungwa na ufunguo huna, kompyuta itawaka vizuri kabisa na faili zako hutazifungua. Ukibonyeza N unaweza bado kurudisha prosesa ya zamani, kuzima BitLocker na kuanza tena kwa utaratibu.